Upande wa Nne

Mama aliivuta kamba taratibu, akiizungushia vidoleni kama anayekunja uzi wa kufumia, na ufunguo ulipotokeza akaukata kutoka kambani kwa mkasi wa jikoni. Akautia kwenye mfuko wa aproni. "Basi," akasema, akarudi kumenya viazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, msichana wa miaka kumi na minne, na nilijiona nimefanya jambo la kikubwa.

Kila nyumba ya mtaa wetu, pale Coventry, ilikuwa na kamba kama hiyo. Ufunguo ulining'inia nyuma ya mlango. Mwenye nyumba alitia mkono kwenye tundu la barua, akauvuta, akafungua. Aliyebisha hodi alikuwa mkusanya kodi au kasisi. Kwetu kamba ilikuwa ya kaka yangu Neville hasa, maana kila ufunguo aliopewa aliupoteza.

Neville aliondoka mwanzoni mwa Septemba 1973, baada ya kugombana na baba. Baba alikuwa amemtafutia kazi kwenye kiwanda chake cha magari. Neville akasema anakwenda Ujerumani kubeba vyombo vya wanamuziki. Baba akamwambia basi abebe na nguo zake zote. Juu ya kitanda changu nilikuta santuri zake mbili, zenye jalada moja, na kikaratasi: "Lorna, mimi sijui kusema. Sikiliza mpaka mwisho, halafu mwambie mama."

Nikazisikiliza, nikazipenda kwa namna ya kutia aibu. Zilikuwa kisa kimoja kirefu cha mpiga kengele aitwaye Ambrose, anayeuacha mji wake kwenda kutafuta kengele iliyozama. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima: kinanda kinanong'ona, filimbi inaingia, kisha ngoma zinabadili mapigo pale unapodhani umezizoea. Nilipenda hata mikwaruzo iliyotangulia sauti ya kwanza. Shuleni wenzangu walitaka nyimbo za kuchezea, mimi nilikuwa na mzee wangu wa kengele.

Ila kisa chenyewe kilinichanganya. Upande wa kwanza Ambrose anaondoka. Naigeuza santuri: yuko kwake, mlango unafunguliwa, birika linachemka. Naweka santuri ya pili: yuko msituni. Naigeuza: anapotelea kwenye ukungu, mlango unafungwa kwa kishindo, nyayo zinakwenda mpaka zinakwisha. Pande zile hazikuwa na namba. Wanamuziki wenyewe, kwa maringo yao, walikuwa wamechora milango minne tu, mmoja kila upande, na aliyeuliza maana ya michoro ya namna hiyo alionekana mshamba. Nikaamua kwamba kutoelewa ndiyo elimu yenyewe.

Wiki mbili nilisikiliza hivyo, kwenye gramafoni ndogo ya bibi, ya santuri moja moja. Jumamosi moja mama akaniuliza mwisho wake ni nini. Mkononi alishika sahani ya Neville, ambayo bado alikuwa akiiweka mezani kila siku. Nikamwambia nilichokijua.

"Harudi, mama. Anapita mara moja tu, halafu anakwenda moja kwa moja."

Hakulia. Aliirudisha sahani kabatini, akaenda mlangoni kuvuta kamba.

Baada ya hapo zilikuja kadi mbili kutoka Hamburg, zisizo na anwani ya kumjibia. "Mzima. Neville." Mama alizisimamisha juu ya meko na kuzipangusa vumbi kila Ijumaa. Februari 1977 moyo ulimsimama akiwa kwenye foleni ya mkate. Aliyempata Neville na kumpa habari alikuwa shangazi Mavis, sijui kwa njia gani.

Baada ya mazishi tulikula kwa shangazi. Nilikuwa nimezibeba zile santuri nimrudishie mwenyewe. Shangazi alikuwa na gramafoni kubwa ya kabati, ile unayorundika santuri kwenye mhimili, moja ikiisha nyingine inadondoka yenyewe. Neville akazirundika bila hata kutazama. Upande wa kwanza ukaisha. Nikangojea birika. Ikadondoka santuri ya pili, na msitu ukaanza.

Nikamwambia amekosea. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanieleza kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya mashine kama hii: upande wa kwanza na wa nne mgongo kwa mgongo kwenye santuri moja, wa pili na wa tatu vivyo hivyo kwenye nyingine. Unapiga mbili, unageuza rundo zima, unapiga mbili. Akaligeuza. Ukungu, kishindo cha mlango, nyayo zikaenda. Kisha ikadondoka ya mwisho na nikasikia nyayo zilezile, safari hii zinakuja, mpaka mlango ukafunguliwa na birika likachemka. Chai ilinipoa mkononi.

Tulirudi nyumbani sisi wawili kwa miguu. Baba alibaki kwa dada yake. Mlangoni Neville akatia mkono kwenye tundu la barua, kwa mazoea, akapapasa.

"Nilisahau," akasema. "Baba aliitoa. Nilikuja Oktoba ya mwaka ule ule, mchana, nikapapasa mpaka mkono ukachubuka."

"Mbona hukubisha?"

"Nibishe kwetu?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika, nikauachia, nikaushika tena.

"Si baba. Aliitoa mama. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hutarudi. Nilizisikiliza santuri zako kwenye gramafoni ya bibi, Neville. Moja, nne, mbili, tatu."

Hakuutoa mkono. Alikaa vile ameinama, uso karibu na mbao. Nimezeeka sasa, na nikiwa peke yangu bado nazisikiliza kwa mpangilio wangu wa makosa, kwa sababu hicho ndicho kisa nilichokipenda, na sijui kama nina haki ya kukipenda.

"Kwa mpangilio wako," akauliza, "mwisho wake unasikikaje?"

"Mlango unafungwa. Halafu nyayo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa santuri ambayo hajawahi kuisikia. Nilimtazama usoni nione kama amenisamehe, nikakuta uso uliofungwa kama wa baba.

"Fungua mlango, dogo," akasema. "Mkono unaniganda."