Shuka la Sinema

Kuti la mwisho lilipotupwa juu ya lori, Dzombo naye akarukia huko huko, shati jeupe la kuazima kalifunga kwenye kanga lisishike vumbi. "Mzee Kombe, njoo! Nipe mkono!" Alikuwa akicheka tangu alfajiri, tena bila chai. Sukari ilikuwa imepanda tena wiki ile, na mkewe aliapa hainunui mpaka ishuke. Lakini siku kama ile, nani alitaka chai?

Kombe, mzee wa kijiji, alipanda polepole kama mtu anayepelekwa mahakamani. Yeye alikuwa ametumwa na chifu. Kijijini kwao Matsangoni neno lilikuwa limekwisha kuzagaa: Dzombo mshona makuti hulia kama bundi, na bundi humjibu. Kuku wakifa, ni Dzombo. Mtoto akiugua, ni Dzombo. Kesho yake, Ijumaa, palikuwa na baraza, na chifu alikuwa amesema waziwazi: Dzombo alete ushahidi kwamba mlio ule ni kazi, si uchawi, la sivyo avunje nyumba yake ahame.

Na ushahidi ulikuwapo! Mwaka wa themanini na nne, wazungu wa filamu walikaa wiki tatu katika msitu wa Sokoke wakimtafuta bundi mdogo wa kule, ndege asiyezidi kiganja. Pamoja na mashine zao zote, wasingemwona. Dzombo ndiye aliyekusanya mikono mdomoni akamwita, kuu-kuu-kuu, kama ncha ya kidole ikigonga debe tupu, mpaka bundi akaja kutua mbele ya kamera. Profesa wao alimpiga bega akamwambia, "Dzombo, dunia nzima itajua jina lako." Sasa, miaka miwili baadaye, filamu ilikuwa inaonyeshwa saa kumi alasiri katika hoteli moja ya Shella. Habari ililetwa na Mumbua, jirani yake Mkamba, aliyekuwa dobi hotelini humo.

"Mimi nitasema nitakachokiona kwa macho yangu," Kombe alisema, lori likiruka mashimo. "Siongezi, sipunguzi."

"Ndiyo maana nimefurahi walipokutuma wewe!"

Hotelini makuti yakashushwa. Dzombo akavaa shati lake, akamwonyesha mwenzake paa la ukumbi mkubwa. "Lile nimelishona mimi, kuti kwa kuti." Lakini askari wa mlangoni hakutazama paa. Alitazama viatu.

"Kadi ya mwaliko iko wapi, mzee?"

"Mimi nimo ndani ya filamu, ndugu yangu."

"Hata kama uko ndani, kuja na kadi. Hii sinema ni ya wageni. Rudini na lori yenu."

Hapo Mumbua akachungulia kutoka dirisha la chumba cha kufulia, mikono imejaa povu. "Shikamoo, mzee Kombe. Piteni huku, upesi!"

Akawaongoza kwenye ushoroba wenye mvuke na harufu ya sabuni. Mwishoni palikuwa na mlango mpana wa kuingilia ukumbini, na mlango wote umefunikwa kwa shuka moja kubwa. "Nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi," Mumbua alinong'ona. "Wazungu upande ule, sisi upande huu. Picha inapenya."

Mapazia ya ukumbi yakafungwa, na shuka likawaka. Loo! Msitu wa Sokoke, ule ule, mti kwa mti! Dzombo alimbana Kombe mkono mpaka akagumia. Bundi akatokea, macho ya manjano, akageuza kichwa. Kisha ukaja mlio. Kombe, aliyekuwa akilala na pamba masikioni kwa miezi sita asiusikie mlio huo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni mimi huyo!"

Ikaonekana mikono miwili iliyokusanywa, na sehemu ya kidevu. Basi. Baada ya hapo uso wa profesa ukalijaza shuka, ukasema na kusema.

"Umekiona kidole?" Dzombo aliuliza. Kidole chake cha pete, mkono wa kushoto, kilikatwa na panga zamani.

"Nimekiona. Yule amekatika mkono wa kulia." Kombe alitikisa kichwa. "Si wewe, Dzombo."

Dzombo aliutazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. Mumbua akaziba mdomo asicheke.

"Mzee wangu, tuko nyuma ya shuka! Kila kitu kimegeuka. Tazameni herufi hizo." Kweli, maandishi yalikuwa yanapanda juu ya shuka, yote kinyumenyume. "Ndiyo majina ya waliotengeneza filamu."

Dzombo hakungoja. Alimvuta Kombe wakapenya ubavuni mwa shuka, wakatokea mbele ya wageni. "Soma!"

Kombe akasoma kwa sauti, kama asomavyo kanisani. Akamsoma profesa, akawasoma wapiga picha, akamsoma dereva. Hata hoteli ilishukuriwa. Shuka likabaki jeupe.

"Hayumo Dzombo," akasema.

Taa zikawashwa. Dzombo akakusanya mikono mdomoni na kulia. Kuu-kuu-kuu. Wageni wakasimama wakipiga makofi na kupiga picha. Meneja wa hoteli aliwachekea wote wawili kwa meno yote, na kwa meno hayo hayo akamwambia askari, "Watoe kwa mlango wa nyuma."

Walisimama penye makarai ya dobi. Furaha ilikuwa imemtoka Dzombo yote, shati limemlowa.

"Mkono nimeukubali," Kombe alisema akitazama chini. "Lakini huko kulia kama bundi ndiko wanakokushitakia. Barazani wataniuliza: jina lake umelisoma kwenye sinema? Nami sisemi uongo."

"Sauti yangu wameichukua, mzee Kombe. Jina ndilo lililowashinda kubeba?"

Mumbua alikuwa amekwisha kulishusha shuka. Akalitandaza mezani, akachukua wino wa kutilia alama nguo za hoteli, na chini kabisa akaandika kwa herufi kubwa: DZOMBO WA GONA, MATSANGONI.

"Mumbua! Utafukuzwa kazi!"

"Huenda. Wino huu hautoki kwa sabuni, na shuka la ukubwa huu hawana jingine. Alhamisi ijayo watalitundika tena."

Kombe akavaa miwani yake. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyowasoma wale wengine.

"Shuka la sinema ni hili?"

"Ndilo."

Akavua miwani, akaifuta, akaitia mfukoni.

"Basi jina nimelisoma."