Harusi Nyumbani kwa Wakili Sitati

Joan alikuwa amekaa benchi la mbele tangu asubuhi, mkoba magotini, kovu la panga likichungulia chini ya kitambaa cha kichwa. Hakimu Cheruto alimwona, akamwonea huruma, kisha akamwambia arudi mwezi ujao. Sitati, wakili wa Hiram, mume aliyeshtakiwa kwa kumkata Joan, alikuwa na harusi ya dada yake, na hakimu hakuwa mtu wa kumharibia mwenzake furaha. Hata alimtakia heri.

Ndivyo alivyoiendesha mahakama yake, katika mji mdogo nje ya Nakuru. Kesi zote ziliitwa saa tatu, watu wakajazana hadi kwenye ngazi, na aliyeomba kuahirishiwa aliahirishiwa. Cheruto aliuita huo upole. Sheria aliijua barabara. Kupanga siku ya kazi aliona ni shughuli ya makarani.

Kisha akapelekwa Naivasha kwa mafunzo ya kupanga kesi. Alikwenda shingo upande, akarudi ametahayari. Akaipa kila kesi saa yake, na mashahidi wa mbali wakawa wanasikizwa kwanza. Mawakili walinuna, lakini ukumbi ulipata nafasi ya kupumua. Akaamuru kesi ya Joan ianze kabla ya nyingine zote, na isiahirishwe tena kwa sababu yoyote.

Joan alifika, ila hakutaka kuapishwa. Alisema anaiondoa kesi. Yeye na Hiram, aliyekuwa nje kwa dhamana, wamerudiana. Hakimu akamuuliza kama kuna aliyemtisha.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilifutwa kule shamba la maua, juu ya kuomba ruhusa kila mara nikuje hapa. Ile siku ya harusi ndiyo walichoka na mimi. Sikuwa na pa kulala na watoto. Yeye ndiye alikuwa na nyumba."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Cheruto. Alitamani agombezwe. Alijuta, lakini majuto yake hayangempa mtu chumba. Angeweza kulikataa ombi, lakini mwendesha mashtaka hakuwa na shahidi mwingine.

"Mshtakiwa, uko huru," alisema hatimaye, bila kumtazama.

Hiram alishuka kizimbani, akatangulia kumfungulia mkewe mlango. Alipoinua mkono kuusukuma, Joan aliinamisha kichwa upesi, kisha akapita.