Walivyomrejesha Koplo Ndalahwa

Meja alimwita Kagaruki kwanza, kwa sababu Kagaruki alikuwa ofisa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, nje kidogo ya mji wa Masaka, na kikosi kilikuwa kimepiga kambi katika shule iliyovunjwa madirisha na mizinga. Asubuhi hiyo Sajenti Lameki, akitafuta betri za redio, alifungua stoo ya kahawa nyuma ya shule akawakuta Luteni Kagaruki na Koplo Ndalahwa chini ya blanketi moja. Hakuna aliyeweza kusema walikuwa wanakimbia baridi.

"Luteni," meja alisema bila kumtazama, "nina vita vya kupigana, sina muda wa mambo haya. Nijibu neno moja. Huyu koplo alikuvamia usingizini, au mlikubaliana?"

Swali lilikuwa na mlango wa kutokea, na meja mwenyewe alikuwa ameuacha wazi. Kagaruki alimfikiria baba yake kule Buganguzi, aliyechinja mbuzi na kuita kijiji kizima siku mwanawe alipovishwa nyota.

"Alinivamia, afande."

Ndalahwa aliingizwa. Alikuwa Msukuma mrefu, mtu wa redio ya upepo, na kikosi kizima kiliijua sauti yake kuliko sura yake. Usiku wa mashambulizi sauti hiyo ndiyo iliyowaambia watu wapi walale chini na lini wainuke. Meja alimweleza alichosema luteni. Ndalahwa akamtazama Kagaruki kitambo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Kagaruki alitazama ubao wa darasa.

"Kama luteni amesema hivyo," Ndalahwa alisema, "basi ndivyo ilivyokuwa."

Walimvua cheo, wakamchapa mbele ya wenzake bila kulitaja jina la ofisa, wakampakia kwenye lori la majeruhi lililokuwa linarudi Bukoba. Kagaruki aliendelea na kikosi mpaka Kampala na mbele ya Kampala, akarudi nyumbani na nyota ya tatu begani.

Aliacha jeshi mapema kuliko wengi walivyotarajia. Alirudi Buganguzi, akaoa binti wa jirani aitwaye Eufrazia, wakapata mtoto, Jovita, na akaitunza migomba na mibuni ya kibanja cha baba yake vizuri kiasi cha kusifiwa. Hakuwa mume mbaya. Ila Eufrazia alizoea kuamka na kumkuta ameketi kitandani akiwa amegeukia ukuta, na akiuliza kuna nini, jibu lilikuwa lilelile: vita.

Miaka hiyo ndipo Kagera ilipoanza kuzika bila kupumzika. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuja na magendo, kisha wakaacha majina ya utani, wakauita UKIMWI. Uliingia nyumba za wenye wake na za wasio na wake, za walevi na za makatekista. Askari waliorudi salama kutoka Uganda wakaanza kufia vitandani mwao. Hapo wastaafu wa Kagoma, Buganguzi na vijiji vya jirani wakaunda umoja wao, ili angalau mwenzao akifa apate watu wa kuchimba kaburi, kusimama mstari mmoja na kumpigia saluti. Kagaruki alichaguliwa mwenyekiti.

Siku ya kutunga kanuni mtu mmoja aliuliza nani asipokelewe. Kagaruki alijibu kabla mwingine hajafungua mdomo.

"Aliyefukuzwa jeshini kwa mambo ya aibu."

Hakuna aliyemwomba kusema hivyo. Alisema ili pasiwe na mtu wa kujiuliza yeye yuko upande gani. Nyuma kabisa Lameki, ambaye vita vilimwachia mguu mmoja, alimtazama, halafu akanyoosha mkono kukubali pamoja na wengine.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili mwanamke mmoja wa makamo alikuja Buganguzi kumtafuta mwenyekiti. Alisema anaitwa Sayi.

"Shikamoo, mzee. Nina kaka yangu, alikuwa koplo. Tangu vita viishe amekaa visiwani, Bumbire, akinunua dagaa na kuuza. Sasa yuko nyumbani kwangu Hamugembe, na haamki. Anaitwa Ndalahwa."

Kagaruki alijua habari za Bumbire. Kwa sababu hiyo hakuwahi kwenda mwaloni siku mitumbwi ya visiwani inaposhusha samaki, bali alimtuma mkewe.

"Jeshini alifukuzwa kwa wizi," Sayi aliendelea. "Sikufichi. Alitueleza mwenyewe. Lakini hajaomba kitu maishani, na sasa anaomba kimoja tu. Azikwe na askari wenzake."

"Kwa wizi?" Kagaruki aliuliza.

"Aliiba vifaa vya redio. Ndivyo alivyosema."

Kagaruki alihisi uso wake unapata joto. "Kanuni yetu, dada yangu... aliyefukuzwa hatumpokei."

"Hata akiwa anakufa?"

Sayi aliinuka, na punje za kahawa ambazo Eufrazia alikuwa amemletea, kama mgeni anavyopewa kwa Wahaya, zilibaki kwenye kikapu hazijaguswa.

"Baba Jovita," Eufrazia alisema mgeni alipotokomea migombani, "mtu akija kuomba kaburi hafukuzwi hivyo. Huyo kaka yake unamjua?"

"Tulikuwa kikosi kimoja."

"Mbona hujawahi kumtaja?"

Wiki iliyofuata Kagaruki alikuwa Bukoba mjini, dukani kwa Rajabali, mmoja wa wenye maduka wa Kihindi wachache waliokuwa wamebaki. Alikuwa anangoja kupimiwa misumari. Redio ya Rajabali haikuzimwa kuanzia asubuhi hadi anafunga, na taarifa ya habari ikasema serikali ya Australia imefuta marufuku iliyowazuia mashoga kutumikia jeshini wakijulikana. Wateja waliangua kicheko. Mmoja akapiga saluti ya kubinua kiuno, vicheko vikaongezeka. Kagaruki naye alicheka. Alijisikia akicheka, kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Rajabali hakucheka. "Wewe ulikuwa kapteni, Bwana Kagaruki," alisema akikunja karatasi ya misumari. "Jeshini kwenu hawakuwapo?"

"Kwetu? Hapana. Kwetu hakuna."

Alitoka na misumari yake, akafika stendi, akasimama mbele ya gari la Muleba ambalo utingo wake alikuwa anamwita kwa jina. Hakupanda. Aligeuka akashika njia ya Hamugembe kwa miguu, akiulizia nyumba ya Sayi Msukuma.

Ndalahwa alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, karibu na mlango ili apate hewa. Mwili ulikuwa umekwisha. Sauti ilikuwa ileile, na hilo ndilo Kagaruki hakuwa amejiandaa nalo.

"Sayi," mgonjwa alisema, "tuchemshie chai. Huyu ni ofisa." Dada alipokwenda uani, akatabasamu. "Umesikia ya Australia?"

"Nimesikia."

"Ungezaliwa huko ungekuwa kanali sasa."

"Ndalahwa, nisamehe."

"Hilo liache kwanza." Alisubiri pumzi irudi. "Nyumbani niliwaambia niliiba. Mwizi huwa anarudishwa mezani, anasemwa, anacheka na wenzake. Yale mengine mama yangu asingeyaweza. Alikufa akijua alizaa mwizi. Sasa sitaki Sayi azike mwizi. Nataka azike askari. Kanuni yenu ifuteni."

"Kanuni ile..." Kagaruki alishindwa, akaanza upya. "Kanuni ile niliitoa mimi."

Ndalahwa alifumba macho.

"Basi unajua pa kuanzia," alisema.

Mkutano ulifanyika Kagoma, katika ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa. Kagaruki alisimama akapendekeza kifungu kile kifutwe. Alisema wamebaki wachache, wanaoshika majembe wanapungua kila mwezi, na kuna koplo pale Hamugembe aliyewaokoa watu wengi kwa redio yake.

"Koplo yupi?" mmoja aliuliza. Alipotajiwa jina, kumbukumbu zikamrudia. "Si yule aliyemvamia ofisa wake?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Kagaruki aliona nyuso zikifunga moja baada ya nyingine.

"Hakumvamia," alisema.

"Umejuaje, mwenyekiti?"

Maneno yalikuwa tayari kinywani. Alikuja nayo kutoka Buganguzi, akiyarudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwenye benchi la mbele alikaa baba mkwe wa mdogo wake. Dirishani walikuwa wamesimama wanawake waliosubiri waume zao, na Eufrazia alikuwa miongoni mwao.

"Ofisa mwenyewe aliniambia," alisema. "Kabla hajafa. Alisema walikuwa wamekubaliana wawili, na kwamba alimsingizia koplo ili ajiokoe. Ofisa huyo ni marehemu sasa. Jina lake tumwachie Mungu."

Watu waligeukiana. Lameki aliinuka polepole kwa magongo yake. Ndiye aliyefungua mlango wa stoo, na katika ukumbi ule yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ofisa anayetajwa amesimama mbele yao anapumua. Kagaruki alimngoja amwumbue. Kwa sehemu moja ya moyo wake aliomba amwumbue.

"Mwenyekiti anasema kweli," Lameki alisema. "Marehemu aliniambia na mimi." Akaongeza, akiwatazama wenzake, "Na hata kama walikubaliana, je, walimpa adui risasi zetu? Mimi kabla ya Masaka, mguu wangu haujakatika, nilipigwa risasi ya bega. Huyu mtu alirudia kuita gari la wagonjwa mpaka likaja, wakati wengine walishaandika nimekufa. Mnataka nisimzike?"

Mikono ilinyooka, si yote, lakini ilitosha. Kifungu kikafutwa.

Nje, Lameki alimsogelea. "Sikufanya kwa ajili yako," alisema, akaenda zake.

Kagaruki alipeleka habari Hamugembe kesho yake. Alieleza yote, pamoja na ule uongo, akijua mwenzake angeusikia hata asipoambiwa. Ndalahwa alicheka mpaka akakohoa, na Sayi akaja mbio na bakuli.

"Kwa hiyo umekufa," alisema dada alipoondoka. "Pole. Ulifia wapi?"

"Nilishindwa. Nilitaka kusema, nikashindwa."

"Najua. Hata kule Masaka nilikuona unavyoshindwa." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Kagaruki angeshukuru kama ingekuwepo. "Umenirudishia ukoplo. Nashukuru. Lakini usije hapa tena, Kagaruki. Ukija nakuwa nakusubiri useme, na sina nguvu za kusubiri."

Alifariki kabla ya Krismasi. Mgeni kutoka Usukumani hakuwa na kibanja Kagera, na Wahaya humzika mtu kwenye ardhi ya kwao. Kagaruki alimwambia mkewe angependa azikwe kwenye migomba yao.

Eufrazia alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama.

"Askari wote uliopigana nao," alisema. "Hakuna hata mmoja uliyetaka azikwe hapa."

"Mama Jovita..."

"Siulizi. Ningetaka kuuliza ningeuliza siku nyingi." Alitupa ganda. "Mzikeni upande wa chini, karibu na mto. Ndizi za kule sitazichuma mimi, utazichuma wewe."

Wastaafu walikuja, hata baadhi ya wale waliokataa kunyoosha mikono. Walisimama mstari mmoja kati ya migomba, Lameki kwa magongo yake pembeni, na Kagaruki akatoa amri ya saluti. "Koplo Ndalahwa," alitamka kwa sauti, kwa cheo chake, na Sayi, aliyekuwa hajalia tangu asubuhi, akalia.

Watu walipotawanyika alimfuata Kagaruki palepale kaburini.

"Mzee, wenzako wamenieleza," alisema. "Kwamba hakuiba. Kwamba kuna ofisa alimsingizia. Na wameniambia walikuwa... kwamba walipendana." Neno hilo alilitamka kwa shida, lakini alilitamka. "Huyo ofisa alikuwa nani? Sijui kama nitamwombea au nitamlaani. Ila nataka jina."

Hapakuwa na meja, wala ukumbi, wala baba mkwe wa mtu. Alikuwepo mwanamke mmoja mwenye udongo viatuni.

"Ni mimi," Kagaruki alisema. "Sijafa. Ni mimi."

Sayi hakupiga kelele. Alimtazama vilevile alivyomtazama siku aliyonyimwa kaburi.

"Akitoka kisiwani alikuwa akilala kwangu," alisema hatimaye. "Kila alipokuja nilifunga kabati na kuvaa ufunguo shingoni. Aliniona nikifunga. Hakusema kitu, aliniuliza tu watoto hawajambo." Alishika kifua mahali ambapo ufunguo ulikuwa ukikaa. "Miaka yote hiyo, kaka yangu mwenyewe. Nimwombe nani msamaha sasa?"

Kagaruki alitaka kumwambia kosa si lake. Aliona kwamba hata neno hilo, likitoka kwake, lingekuwa la kujipatia nafuu.

"Niondokee," Sayi alisema. "Nataka kukaa naye."

Kagaruki alipanda taratibu kuelekea nyumbani. Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni akimtazama anavyokuja, mikono amefunga kifuani, na safari hii hakupisha njia.

"Sasa nauliza," alisema.

Kagaruki akaketi kizingitini, miguuni pake, akaanza kumweleza.