Misumari ya Nje, Gunia la Baba

Maofisa wa tume ya biashara walikuwa njiani, na mama mwenye kiwanda cha misumari hakuwa ameketi tangu asubuhi. Kiwanda walikirithi kwa baba yao, yeye na kaka yake. Sasa soko lilikuwa limejaa misumari ya nje, inayouzwa rahisi kuliko hata huko inakotengenezwa, na viwanda vya ndani vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Vilivyobaki vilikuwa vimeshtaki kwa tume. Tume ikiridhika, misumari ile itatozwa ushuru. Isiporidhika, naye afunge.

Akaenda stoo kuchukua gunia la kuwaonyesha wageni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alipogonga, akafungua kaka yake, jasho linamtiririka. Nyuma yake vibarua wawili walikuwa wakitoa misumari kwenye maboksi ya kigeni na kuijaza kwenye magunia yenye jina la baba yao.

"Dada, usianze," kaka akasema. "Kila mtu anafanya. Waya umepanda bei, tungekula nini?"

"Na kesi?"

"Kesi tunashinda! Ushuru ukianza, mzigo huu tayari uko ndani, tunauuza kwa bei mpya. Hapo ndipo penye ulaji."

Hasira ingekuwa nafuu. Kilichompanda kooni kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyeona funza kwenye chakula alichokwisha kula nusu.

Maofisa walipofika, kaka alikuwa ameshabadilisha shati. Mkavu wa macho yule! Alisimama kati ya mashine akaeleza uchungu alio nao kwa wafanyakazi wake, sauti ikamkatika palepale panapofaa, na maofisa wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Twendeni stoo," dada mtu akasema.

Kaka akamkanyaga mguu. Dada akauvuta, akatangulia, akafungua mlango.

Ofisa mkuu, mwanamke wa makamo, aliyatazama maboksi, akashusha pumzi.

"Kote tulikopita ni hivi hivi," akasema. "Tulitegemea hapa tungemkuta mtengenezaji. Sasa mama, nani anamlalamikia nani?"

"Mimi nalalamika. Ila anza kumwandika huyu."

"Huyu si mwenzako?"

"Ni kaka yangu, tumbo moja," akasema. "Andika."