Diwani Aliyepitisha Fungu Asilolisoma

Melkizedeki alikuwa na macho ya kumtambua ng'ombe wake aliyepotea akiwa kilima cha tatu, akakuambia na rangi ya mkia wake. Barua iliyo mkononi mwake ndiyo iliyomshinda. Mambo yalianza alipogonga miaka hamsini na minne: herufi zilianza kucheza, kisha zikashikana kama siafu, na kufikia mwaka ule wa mvua za El Nino alikuwa hasomi hata jina lake mwenyewe likiwa limepigwa chapa. Saini aliitia kwa mazoea ya mkono.

Angevaa miwani, yangekwisha. Lakini udiwani wa kata yake, upande wa magharibi wa mji ambako lami inaishia na mahindi yanaanza, aliupata kwa kumcheka mpinzani mwenye miwani. "Huyu bwana ugali ulio mbele yake hauoni," alisema jukwaani, "atayaonaje matatizo yenu?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na kura wakampa yeye. Sasa angeanzaje kutoka nyumbani na vioo usoni?

Akawa mtu wa mbinu. Siku hizo magazeti yalikuwa yamefurika mjini, haupiti mwezi bila jipya kuzaliwa, naye alinunua moja moja na kulibana kwapani wiki nzima ili watu waone kwamba diwani wao anafuatilia mambo. Katika kamati ya elimu ya halmashauri, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake, kila karatasi iliyofika alimsogezea karani, binti mmoja aitwaye Najat, na kusema kwa sauti nzito, "Tusomee, kwa faida ya wajumbe wote." Wajumbe walimsifu kwa uwazi. Aliyeijua siri ni mkewe Namelok peke yake, naye alikuwa ameshachoka kusema.

Mwezi wa pili, siku ya kikao, Najat akaumwa jino.

Ajenda yenyewe ilikuwa fungu dogo lililotengwa kwa wanafunzi wanaohitaji msaada wa ziada katika kujifunza. Mezani zilikuwepo karatasi mbili. Moja ilitoka kwa Mwalimu Hafidha, wa shule moja ya msingi huko Kaloleni, aliyekuwa na darasa la watoto kumi na wanne: wenye uoni hafifu, wasiosikia vizuri, na wengine waliochelewa kushika masomo bila mtu kujua kwa nini. Aliomba lenzi za kukuzia maandishi, vitabu vya herufi kubwa, madawati ya mteremko, na mwalimu msaidizi anayejua lugha ya alama. Karatasi ya pili iliomba fungu hilo lihamishwe, "kwa muda tu", likanunue viti vipya vya ukumbi wa mikutano. Hiyo iliandikwa na Diwani Philemoni, mtu mnene na mcheshi, ambaye kiti cha ukumbini kilikuwa kimemwangusha chini mbele ya wageni kutoka mkoani.

Wakati wa chai na chapati walikwisha kukubaliana: viti kwanza. Melkizedeki naye alikubali, maana kiti chake kilikuwa na msumari wenye chuki naye binafsi.

"Mwenyekiti, ni ile yenye mhuri," Philemoni alimnong'oneza wakirudi ndani.

Melkizedeki akazitazama. Aliona madoa mawili ya buluu, moja kwenye kila karatasi. Akazisogeza mbali, akazileta karibu, akakohoa. Wajumbe walikuwa wanasinzia na nakala zao zimefunikwa na visahani. Alipiga moyo konde, akanyanyua ya kulia.

"Wanaoafiki hii waseme ndiyo."

"Ndiyooo," wakaitikia kama watu walioamshwa kanisani. Akatia saini, wakaenda zao.

Kikao kilichofuata Najat alirudi, shavu bado limevimba, akasoma muhtasari aliouandaa kutokana na karatasi iliyosainiwa: kamati imepitisha maombi ya Mwalimu Hafidha kama yalivyo.

"Rudia," akasema Philemoni.

Najat akarudia. Vichwa vyote vikageukia kwa mwenyekiti. Melkizedeki angeweza kusema hakuona, na kesho yake kata nzima ingemwuliza ugali uko wapi. Au angeweza kusema alikusudia.

"Wenzangu," akaanza taratibu, akitafuta maneno njiani, "nilitafakari. Viti vinaweza kusubiri. Makalio hayana mtihani wa darasa la saba."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na kicheko kikapitisha muhtasari. Philemoni peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Melkizedeki kwa jicho la mtu anayepiga hesabu.

Kuanzia hapo Melkizedeki akawa mtu mwema bila kujitayarisha. Akipita Kaloleni, akina mama waliokuwa wakiuza vitumbua walimwita wamshike mkono. Mchungaji alimtaja ibadani. Mwanzoni aliona aibu, halafu akazoea, halafu akaanza kusimulia mwenyewe jinsi alivyokosa usingizi akiwawaza wale watoto. Namelok, aliyekuwa analala naye na kumsikia akikoroma, alimtazama tu.

Mwezi wa sita vifaa vikafika, na Mwalimu Hafidha akamwalika kuvikabidhi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijani na haraka ya mtu ambaye kengele inampigia kila dakika arobaini. Alimpeleka mpaka darasani, chumba kidogo kilichokuwa stoo ya majembe. Watoto wakasimama.

"Shikamoo Mheshimiwa!"

"Marahaba, wanangu."

Msichana mmoja wa miaka kumi na moja alimsogelea na kumwinamishia kichwa, kama wafanyavyo watoto wa upande wa kwao. Melkizedeki akamgusa utosini. Aliitwa Silantoi, alizaliwa juu kule nyuma ya mlima, na sasa alikaa kwa shangazi yake Kaloleni. Mwalimu alimwambia afungue kitabu. Silantoi akaweka lenzi juu ya ukurasa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasoma habari ya sungura kwa sauti ya kengele, bila kukosea hata neno.

"Huyu alikaa darasa la kwanza miaka mitatu," Mwalimu Hafidha akasema. "Wote walisema ni mzito. Baba yake alitaka kumrudisha akachunge mbuzi."

"Na kusoma alikuwa anasomaje?"

"Alikuwa hasomi. Mwambie Mheshimiwa ulivyokuwa unafanya."

Silantoi akacheka, akafunika mdomo. "Nilikuwa namwacha wa pembeni yangu aanze. Akisema, nami nasema. Nikiulizwa peke yangu, nakohoa. Kitabu nilikishika sawasawa, wakidhani naona."

Watoto wakacheka. Melkizedeki naye alifungua mdomo acheke, kicheko kikakataa kutoka. Kila alichokitaja yule mtoto, yeye alikuwa amekifanya ndani ya wiki hiyo hiyo, hata kukohoa.

Ndipo Mwalimu Hafidha akamkabidhi karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Watoto wamekuandikia barua ya shukrani. Tunaomba uisome mwenyewe, kwa sauti."

Hapakuwa na Najat. Melkizedeki akainyoosha karatasi mpaka mkono ukaisha. Akaegemeza na kiwiliwili nyuma. Akakohoa.

Silantoi alikuwa amesimama karibu yake. Akainua uso na kumwambia kwa kunong'ona, kule kunong'ona kwa watoto kunakosikika mpaka nje, "Babu, mkono wako ni mfupi?"

Mwalimu Hafidha akageuka haraka kuangalia dirishani. Yule mtoto hakungoja jibu. Alichukua lenzi yake na kumwekea juu ya barua.

Herufi zikasimama. Zilisimama moja moja, nene na nyeusi, kila moja na miguu yake. Melkizedeki alisoma: "Mpendwa Mheshimiwa, tunakushukuru kwa sababu wewe umetuona." Akaendelea mpaka mwisho, pamoja na majina yote kumi na manne. Alipomaliza hakuirudisha lenzi. Alilichomoa gazeti la kwapani akalijaribu pia, na hapo akagundua kwamba alikuwa anatembea na gazeti la mwezi wa tatu.

Njiani kurudi hakumsimulia mtu yeyote jinsi anavyowawaza watoto.

"Mama Lemburis," alimwambia mkewe walipokuwa wakikamua ng'ombe jioni, "vile vitu vya usoni. Vinauzwa wapi?"

Namelok hakuuliza vitu gani. Asubuhi yake alitelemka sokoni kwenye meza za mitumba na sindano yake na uzi. Kila miwani aliyopewa aliivaa na kujaribu kutunga uzi. Alijua macho ya mumewe yako hatua mbili nyuma ya yake, akachagua kwa kukisia. Aliyorudi nayo ilimfaa Melkizedeki kabisa, ila fremu yake ilikuwa ya waridi, imepinda juu kama mbawa za kipepeo, na upande mmoja ulibakiwa na vijiwe viwili vinavyometameta.

"Hii ni ya mwanamke!"

"Macho hayana mke wala mume. Vaa."

Akaificha kwenye mfuko wa ndani wa koti, ikakaa humo hadi mwezi wa nane, siku ya baraza la madiwani wote. Siku hiyo ilipaswa kupitishwa sehemu iliyobaki ya fungu, ile ya kumwajiri mwalimu msaidizi. Philemoni akasimama, tumbo mbele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa baraza, nina jambo. Fungu hili lilipita kwa makosa. Mwenyekiti wa kamati ya elimu alisaini karatasi ambayo hakuisoma. Nimemchunguza miezi sita. Namuuliza hapa hapa, mbele yenu: uliisoma, au hukuisoma?"

Melkizedeki akasimama. Alikuwa na maneno matamu tayari ulimini, maana mbinu hazijawahi kumpungukia. Kisha akakumbuka kichwa kidogo kilichoinama juu ya sungura wa kitabuni, yakayeyuka.

"Sikuisoma," akasema. "Sioni karibu. Mwaka wa nne huu. Nilinyanyua karatasi ya kulia, nikidhani ni ya viti."

Minong'ono ikaruka huku na huku. Mmoja akapiga meza kwa furaha. Melkizedeki akatia mkono ndani ya koti, akatoa miwani ya waridi, akaivaa.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka geti la nje. Diwani mmoja alilala juu ya meza. Najat alificha uso nyuma ya jalada, mabega yakimtetemeka. Melkizedeki alisubiri, amesimama wima, vijiwe vinametameta.

"Chekeni, mimi nilianza kuwacheka wengine. Lakini nina mali, nina mke mwenye akili, nina karani wa kunisomea, na bado nimeaibika miaka minne. Kuna mtoto Kaloleni aliyeaibika mitatu, tangu akiwa na miaka saba, hana karani. Karatasi ile sasa nimeisoma, kila mstari. Na ndugu yangu Philemoni naye atusomee. Mstari wa mwisho pale chini, ule wa herufi ndogo za halmashauri, ndio unaosema fungu hili linaruhusiwa kufanya nini."

Philemoni akaichukua karatasi kwa kishindo. Akaitazama. Akaisogeza mbali kidogo. Akaisogeza mbali zaidi, kidevu kikirudi nyuma kwenye mikunjo ya shingo. Akakohoa.

"Taa za humu ni hafifu," akasema.

"Ni saa nne asubuhi, Mheshimiwa," akajibu Najat kwa adabu.

Melkizedeki akaivua miwani, akazunguka meza, akamkabidhi mwenzake. Philemoni alisita, akatazama kulia na kushoto, akaivaa. Uso wake mpana ukabadilika polepole, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Loo," akasema. Kisha akasoma kwa sauti iliyopoa, "Fungu hili lisitumike kwa shughuli nyingine yoyote isipokuwa mahitaji ya kujifunza ya wanafunzi waliotajwa."

Mzee mmoja wa mwisho wa meza akanyoosha mkono. "Hebu nami niione kidogo." Wa pembeni yake akasema naye angependa. Miwani ya Namelok ikazunguka ukumbi mzima, ikitua kwenye pua moja baada ya nyingine, na madiwani walioingia na makaratasi chungu nzima wakaonekana kuyasoma kwa mara ya kwanza. Mmoja aligundua kuwa alikuwa ameleta makaratasi ya kikao cha mwaka uliopita. Kura zilipopigwa, fungu lilipita lote, na Philemoni ndiye aliyenyanyua mkono juu kuliko wengine.

Mwalimu msaidizi aliajiriwa muhula uliofuata: kijana mpole aitwaye Said, ambaye wiki ya kwanza tu watoto wasiosikia walimpa jina la alama lenye maana ya masikio makubwa. Silantoi alirushwa mpaka darasa la tatu, na mwisho wa mwaka akashika nafasi ya tisa kati ya sitini. Alilia siku nzima kwa hasira, maana aliitaka ya kwanza.

Melkizedeki yeye aligeuka mzigo nyumbani. Alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi: pakiti ya sabuni, kopo la kahawa, kalenda ya kanisa, maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe pamoja na jina la kiwanda. Alisoma kwa sauti, kwa faida ya wote.

"Baba Lemburis," Namelok alimwambia siku moja, akipepeta mahindi, "ulipokuwa huoni, tulikuwa tunapumzika."

"Ngoja," akajibu, akiinamia kiberiti. "Hapa wanasema njiti ni arobaini." Akazimwaga zote juu ya meza, akaanza kuhesabu.