Bamba la Mzee Chepyegon

Mwaka wa tisini na sita, kanisa moja karibu na Roret liliamua kumjengea mnara wa kumbukumbu marehemu mzee Chepyegon, aliyewafundisha wengi kusoma. Katibu wa kamati, Mwalimu Gibson, alishikilia kwamba bamba la jina liwe la alumini. Aliwaeleza kina mama kwamba zamani, kabla watu hawajapata njia rahisi ya kuitengeneza, alumini ilithaminiwa kama fedha, hata Wamarekani wakaiweka kwenye ncha ya mnara wao mrefu. Kina mama walicheka, lakini wakaleta sufuria zao za alumini zilizotoboka.

Gibson alizipeleka Sotik kwa Gekara, fundi wa sufuria, pamoja na jina lililoandikwa kwenye karatasi. Gekara akaziyeyusha, akamimina bamba kwenye kalibu ya mchanga.

Siku ya uzinduzi kitambaa kilipotolewa, Rebeccah, mjane wa mzee, alisogea akapitisha kidole juu ya herufi.

“Chebyekon,” akasoma. “Huyu ni nani?”

Gibson alihisi shingo ikipata moto. Jina aliliandika mbiombio, vile anavyolitamka. Angesema hivyo tu, yangeisha.

“Ni kosa la fundi,” akasema. “Hawa watu wa Kisii hawajui majina yetu.”

Macho yote yakamgeukia Gekara, aliyekuwa amekuja kulifunga bamba. Fundi akatoa karatasi mfukoni, akamtazama Gibson, kisha akairudisha.

“Nisamehe, mama. Nitatengeneza lingine.”

Jumatatu Gibson alimfuata Gekara Sotik.

“Kwa nini hukuwaonyesha karatasi?”

“Wanafunzi wako walikuwa pale, mwalimu.”

Gibson alitaka ardhi immeze. Alirudi nyumbani bila kuomba msamaha.

Jumapili akasimama kanisani, akakiri yote na kuomba msamaha. Rebeccah akainuka.

“Tumesikia. Lakini Gekara yuko hapa? Ulimtukana mbele yetu, sasa unamwomba msamaha akiwa hayupo?”

Gibson akakaa chini.

Gekara alipoleta bamba jipya, Gibson aliwaita watu wote mnarani. Akasema mbele yao kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba alidanganya kwa sababu fundi alikuwa mgeni. Kisha akamgeukia Gekara, akamwomba msamaha.

Gekara aliendelea kukaza skrubu.

“Nimesikia, mwalimu,” akasema, bila kugeuka.