Ng'ombe wa Lusia

Wivu wa ndugu haupigi hodi, jamani. Ulimwingia Lusia mchana ule Elieth, mdogo wake, alipofika Samuye na gari la chuo, mhadhiri mzima wa mambo ya satelaiti, watu wakaacha palizi kwenda kumlaki. Vigelegele hivyo! Lusia akabaki jikoni akiwasongea wageni ugali, moshi machoni, roho ikimchoma.

Nani asiyejua? Shuleni, kinara wa hesabu alikuwa Lusia. Lakini mkubwa ndiye huolewa kwanza, na ng'ombe wa mahari yake baba aliwauza wote, Elieth akasoma hadi Japani. "Mimi nimeuzwa, yeye kapaa," Lusia alizoea kusema, na wala hakuwa akitania.

Alasiri Elieth akafunga redio yake uani, mbele ya wazee na wakubwa wa chuo. Satelaiti aliyoiunda na wanafunzi wake, ndogo kama kidumu cha mafuta, ingepita juu ya Samuye na kusema maneno yake ya kwanza. Akamkabidhi dada yake antena ya mkono.

"Dada, anzia usawa wa zizi, halafu ifuate polepole mpaka usawa wa kanisa. Ukikosea upande hatusikii kitu."

"Kwa nini mimi? Na wasomi wote hawa?"

"Nakutaka wewe tu, dada."

Ehee! Kumbe hata utumishi wa antena ni wangu, Lusia akawaza. Elieth alipoinamia kompyuta, yeye akaielekeza antena zizini na kuikaza hapohapo. Redio ikakwaruza, ikakwaruza, mpaka satelaiti ikapita zake. Mzee mmoja akacheka. Elieth akafuta jasho huku midomo ikimtetemeka, na Lusia, Mungu amsamehe, akaona raha.

Wageni walikuwa wakinawa baada ya ugali simu ya Elieth ilipolia. Wenzake wa Japani walikuwa wameinasa satelaiti na kumrushia ilichosema. Akaifungulia wote wasikie. Ilikuwa sauti ya Elieth mwenyewe, aliyoirekodi kabla satelaiti haijarushwa:

"Mimi naitwa Lusia. Nimepewa jina la dada aliyeolewa ili mdogo wake asome. Ng'ombe wake ndio walionifikisha huku juu."

Lusia akageuka kuitazama antena.

"Nilitaka uisikie wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote," Elieth akamwambia, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, dada. Sijui kwenye redio nilikosea wapi."